Taa Ndani ya Kioo

Kidude chenyewe kilikuwa ndani ya sufuria kubwa kuliko zote za jikoni, kimeviringishwa taulo, na juu ya kifuniko dada mtu alikuwa ameweka jiwe la kusagia. Kidude hakina miguu, hakiendi popote. Lakini mtu aliyetishwa jikoni kwake mwenyewe usianze kumweleza habari za miguu.

"Kimo humo," dada mtu alisema kutoka mlangoni, hataki kusogea. "Mimi sikigusi tena. Jana jioni kimesema kwa sauti ya mdogo wangu, na mdogo wangu alikuwa amekaa hapo, kimya, kikombe mkononi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekitia kwenye sufuria," alisema Inspekta.

Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mwendo wa taratibu, na pale kituoni kila mtu, kuanzia mkuu mpaka mahabusu, alimwita Shangazi. Sababu ni namna yake ya kuuliza. Hakufoka, hakugonga meza. Alikaa, akavua viatu akiruhusiwa, akakupa pole, na ukija kushtuka umeshamwambia mpaka usiyotaka mumeo ayajue. Nyuma yake alisimama Koplo, mrefu, mdomo haumkauki, pingu zinamning'inia kiunoni na mkono hauishi kuzipapasa.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Kajifungia chumbani. Chai hataki, uji hataki. Na saa nane anatakiwa kwenye Tume!"

Tume ya mawasiliano ilikuwa imekaa wiki nzima ikichunguza jambo moja: je, Kampuni iliyotengeneza Somo inasikiliza watu majumbani kwa siri na kuyapeleka maneno yao kwa wanasiasa? Somo ndicho hicho kidude cha kwenye sufuria. Nusu ya nyumba za mji zilikuwa nacho. Unakiita jina, kinaitika, kinakusomea habari, kinakukumbusha dawa, kinamwimbia mtoto. Usipokitaka unabonyeza kitufe, taa inakuwa nyekundu, na Kampuni inaapa kwamba hapo hakisikii kitu. Malalamiko yalikuwa mengi lakini hayakuwa na wenyewe. Aliyekubali kusimama mbele ya Tume na kusema kwa kinywa chake alikuwa mmoja tu, na leo ndiyo siku ya mwisho ya ushahidi.

Shangazi alivuta kigoda akakaa mbele ya mlango wa chumba.

"Nesi, mwanangu, ni mimi Inspekta. Sitaki ufungue. Niambie tu, ilianzaje?"

Sauti ikatoka, imekauka kwa kulia.

"Ilianzia hapo jikoni. Nilikuwa naongea na dada. Nikamwambia kura yangu Meya haipati tena, kwa yale ninayoyaona kwenye wodi ya watoto. Kesho yake watu wa kampeni ya Meya wakanitumia ujumbe: 'Tunaujua uchungu wako juu ya wodi ya watoto.' Nani kawaambia? Dada? Jiko?"

"Na Somo ilikuwa imezimwa?"

"Niliizima kwa mkono wangu. Taa nyekundu. Ndiyo maana nikaandika kwa Tume."

"Halafu?"

"Halafu juzi nikaalikwa kwenye kikao cha maoni ya wateja wa Somo. Niseme nikipendacho na nisichokipenda. Wakaniahidi hakuna jina, kila mtu anaitwa rangi. Mimi nikaitwa Bluu. Basi nikajiachia! Nikasema mpaka lile ambalo Tume sijaiambia."

"Lipi hilo?"

"Limo kwenye sufuria. Lisikilize mwenyewe, mimi silirudii."

Koplo aliondoa jiwe, akafunua taulo, akakiweka kidude mezani. Taa ilikuwa nyekundu. Alibonyeza pembeni ili kirudie ujumbe wa mwisho, na jikoni ikajaa sauti ya Nesi, ile ile ya nyuma ya mlango, ila ya hasira.

"…nilikuwa nimeizima, nimebonyeza mwenyewe, sasa wamejuaje?" Sauti ikakatika, ikaanza tena. "…Mkurugenzi wetu wa hospitali, dawa za wodi ya watoto anazihamishia kwenye zahanati ya mke wa Meya. Nimeziona zikipakiwa."

Ikafuata sauti ya kidude chenyewe, tamu, ya heshima, ile inayowasomea watu hali ya hewa: "Ukienda kwenye Tume, Mkurugenzi atasikia haya. Nakutakia siku njema."

"Loo!" alisema Koplo. "Na siku njema juu!"

Shangazi hakucheka. Aliomba kirudie. Akaomba tena. Safari hii aliinama mpaka sikio likakaribia meza. Chini ya maneno ya Nesi kulikuwa na kitu kingine, karibu sana na kinasa sauti, kikavu, cha kuvunjikavunjika. Kra, kra. Kinanyamaza, kinarudi.

"Nani alikuwa anakula?"

"Si mimi," Nesi alijibu nyuma ya mlango. "Pale hapakuwa na chakula."

Kisha akasema kwa upole uliomuuma Shangazi kuliko kilio.

"Mkurugenzi akisikia, kazi sina. Na wale watoto watapewa nesi anayejua kunyamaza. Shangazi, nitafutie huyu ni nani. Kama ni mtu mmoja, nitaenda, nitamtazama usoni. Kama ni kila mahali, kama ni kila ukuta, siendi. Siwezi kupigana na kuta."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Shangazi alivaa viatu.

*

Nyumba ya maoni, palipofanyika kikao cha juzi, ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Chumba cha kikao kilikuwa na meza ya mviringo, viti vizuri, kinasa sauti kimening'inia darini, na ukuta mmoja mzima ulikuwa kioo. Upande huu unajiona mwenyewe. Upande wa pili kuna chumba kidogo cha giza, na waliokaa humo wanakuona wewe kama wako dirishani. Hakuna siri katika hilo, wateja huambiwa mapema. Ila baada ya muda mtu husahau, akaanza kujitengeneza nywele.

Mwongozaji wa vikao, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa amekaa pembeni, macho yamemvimba. Watu wa Kampuni walikuwa wamewahi kufika kabla ya polisi. Meneja wa bidhaa alikuwa bwana wa tumbo na kicheko. Wakili wa Kampuni, mwanamke wa makamo, alivaa suti nyeusi yenye mikono iliyomfika kwenye vidole gumba, na joto lote lile hakuikunja hata kidogo.

"Inspekta, kazi yako tumekurahisishia," Meneja alianza kabla hajaulizwa. "Mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kutuma ujumbe wa sauti kwenye Somo yako, na akiandika maneno inayasoma yenyewe. Ndivyo watu wanavyosalimia wazazi wao. Aliyetuma ametumia laini mpya, isiyo na jina. Sasa jiulize, namba za wateja wa juzi alikuwa nazo nani? Sisi tuliwaona rangi tu, Bluu, Kijani, Njano. Mwenye namba ni huyu dada. Na mwenye sauti iliyorekodiwa ni huyu huyu dada."

"Mimi!" Mwongozaji aliruka. "Kazi hii nimeifanya maisha yangu yote. Mtu akitoka humu maneno yake yanavuja, nani atakaa kwenye kiti hiki tena? Nitakula wapi?"

"Watu huwa na bei zao," alisema Wakili. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Koplo alishagusa pingu. Shangazi alimtupia jicho.

"Ziache zipumzike. Mama, simu za watu huwa mnazifanyaje?"

"Zinakaa kwenye kikapu," Mwongozaji alijibu, anajifuta pua. "Za wateja na za hawa wa nyuma ya kioo. Hakuna mkubwa. Kikapu nakifungia kabatini, ufunguo naweka shingoni."

"Na juzi wao walitoa?"

"Walitoa. Meneja mbili, Wakili moja."

"Kwa hiyo rekodi ni moja tu, ya hapo darini. Tuisikilize."

Mwongozaji alitafuta mahali penyewe, akawasha. Shangazi alikuwa amekuja na sufuria yake, na mtu asiyemjua angedhani kaleta chakula. Alikitoa kidude, akaziweka sauti mbili kwa zamu, ya darini, ya sufuria, ya darini, ya sufuria. Alifanya hivyo mpaka Meneja akaanza kuangalia saa ya ukutani.

Maneno yalikuwa yale yale, lakini sauti ya darini ilikuwa safi. Ya sufuria ilikuwa na mwangwi, kama imepitia spika ya chumba kidogo, na kra kra yake haikuachana nayo.

"Mama, nani alikuwa anatafuna?"

Mwongozaji alikaa wima. Machozi yote yalikauka, sasa kazi yake imeguswa.

"Humu hatutafuni! Hata pipi. Mtu akitafuna, kinasa kinameza maneno ya jirani yake. Hiyo ndiyo amri ya kwanza, kabla hata ya simu. Maji tu."

"Na nyuma ya kioo?"

Meneja alikohoa.

"Kulikuwa na biskuti," alisema. "Nilikula. Kikao kirefu, bwana! Sasa kula biskuti ni kosa?"

"Kula si kosa. Ila mlio wake umo kwenye hiki kidude, na kwenye rekodi ya mama haumo. Maana yake sauti hii haikutoka kwake. Imenaswa chumba cha giza, karibu na biskuti zako."

Kicheko kilimwisha Meneja ghafla. Koplo alisogea hatua moja, akawa upande wa pili wa kiti chake, pingu zikamfuata.

Waliupekua ule chumba kidogo. Viti viwili, spika ukutani inayoleta sauti ya kikaoni, pipa la taka, makombo. Koplo alipapasa chini ya viti, akafungua spika, akapiga magoti akachungulia nyuma ya bomba. Hakukuwa na kinasa sauti cha aina yoyote. Meneja alijitolea kupekuliwa, akatoa mifuko yote nje, na jasho lilikuwa linamchuruzika kweli kweli.

"Nyumbani kwako Somo unayo?" Shangazi alimuuliza, kama anauliza habari za watoto.

Meneja alisita. "Mke wangu hataki."

"Wewe unayeiuza?"

"Mke wangu ndiye hataki," alirudia, na kwa mara ya kwanza Shangazi alimwamini.

Hilo halikusaidia kitu. Saa ilikuwa inakwenda. Watu wawili ndani ya chumba cha giza, simu zao zimefungiwa kabatini, na sauti imetoka. Shangazi alimwomba Mwongozaji awaite wateja waliokaa karibu na Nesi juzi, kama watakubali kuja.

*

Walikuja wawili. Dereva wa teksi aliingia akiongea.

"Somo? Mimi hiyo ni mke wa pili! Inaniambia foleni iko wapi, petroli ya nafuu iko wapi, haigombi. Eti inanisikiliza. Inisikilize, itasikia nini? Kukoroma! Na wanasiasa wakitaka kujua ninachosema juu yao wasihangaike na mitambo, wapande gari langu, nitawaambia uso kwa uso mpaka wateremke."

"Siku ile uliona kitu chochote cha ajabu?"

"Niliona maji ya bure, dada yangu. Hilo tu."

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, bibi mdogo wa umbo, mtandio wake umepigwa pasi. Alikaa kwenye kiti kile kile cha juzi, akakitazama kioo, akaurekebisha mtandio.

"Mimi inanisomea gazeti," alisema. "Macho haya yamechoka kusahihisha daftari za watu. Inasoma vizuri, nafurahi. Lakini nikivaa nguo naifunika kitambaa. Usiniulize kwa nini. Najua ni kidude. Nakifunika tu."

"Nakuelewa, Mwalimu. Na kikao kilikuwaje?"

"Kizuri. Yule binti wa Bluu alinitoa machozi." Alisita. "Kuna kitu, ila utanicheka. Niliona taa ndani ya kioo."

Shangazi alivua kiatu kimoja taratibu. "Nani atakucheka? Taa ya namna gani?"

"Kijani, ndogo. Iko chini hivi, usawa wa tumbo langu. Inawaka, inazima. Niligeuka nyuma nikadhani nimekaa karibu na taa, hakuna. Nikasema basi, ndiyo uzee umeingia machoni."

Mwongozaji aliinuka kidogo kitini. "Haiwezekani. Kioo hiki kinaficha kwa sababu kule ni giza. Mtu akiwasha hata kiberiti kule, huku ataonekana. Hiyo ni amri ya tatu, hakuna taa nyuma ya kioo."

"Ndivyo nilivyotaka kusikia," alisema Shangazi. "Mwalimu, fikiri vizuri. Iliwaka wakati gani?"

Bibi alifumba macho. "Iliwaka huyu Dereva alipokuwa anasifia. Ikawaka mimi nilipokuwa naeleza habari za gazeti. Ikawaka yule binti alipoanza, na tena alipopandisha sauti. Ilikuwa inawakawaka kila mtu akiitaja."

"Akiitaja nini?"

"Si hiyo hiyo Somo."

Shangazi alimwashiria Mwongozaji aiwashe tena rekodi ya darini, pale alipoanza Nesi. "Hiyo Somo nilikuwa nimeizima, nimebonyeza mwenyewe…" Akasogeza mbele. "…nikaiambia, sikia vizuri, we Somo: Mkurugenzi wetu wa hospitali…" Kisha alikibonyeza kile cha sufuria. "…nilikuwa nimeizima…" "…Mkurugenzi wetu…"

Mara zote mbili, ya sufuria ilianza mara tu baada ya jina. Asubuhi alidhani kuna mtu kaikata makusudi. Kumbe haikukatwa na mtu.

"Koplo," alisema, "njoo nikunong'oneze."

*

Wakili na Meneja walikuwa wakingoja ofisini. Shangazi aliwaomba wamfuate kwenye chumba cha giza, wakae walivyokaa juzi, ili aandike ripoti yake vizuri. Meneja alikaa kushoto, Wakili kulia, mikono mapajani. Shangazi alisimama mlangoni.

"Niruhusuni nizime taa, nione mlivyoona ninyi."

Giza liliingia. Ng'ambo ya kioo, kwenye mwanga, walionekana Dereva, Mwalimu na Mwongozaji wamekaa mezani. Koplo aliingia akavuta kiti, na kwenye spika ya ukutani sauti yake ikasikika, ya mtu aliyengoja maisha yake yote kupewa nafasi ya kuhutubia.

"Ndugu zangu, maoni yangu mimi ni haya. Somo…"

Taa ya kijani iliwaka ndani ya mkono wa suti ya Wakili.

Ilikuwa ndogo, imejificha chini ya kitambaa cheusi, lakini gizani ilitosha kuuonyesha mkono wake na kidevu cha Meneja. Ng'ambo, Mwalimu alisimama akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye kioo. Wakili aliukamata ule mkono kwa mkono wa pili akaukandamiza tumboni.

"Somo ni nzuri," Koplo aliendelea, ananogewa, "ila Somo nayo…"

Ikawaka tena, kati ya vidole.

"Umeivaa?" Meneja alinong'ona. "Umeingia nayo humu? Juzi pia?"

"Ni nini?" Shangazi aliuliza.

"Saa ya majaribio," alisema Meneja, na sauti haikuwa yake. "Haijaingia sokoni. Wakuu wa Kampuni wanaivaa kila siku kuijaribu, usipoivaa unaulizwa. Ni Somo ya mkononi. Ukitaja jina inaamka na kunasa maneno yanayofuata. Mimi yangu niliirudisha. Inspekta, hata dada wa kikapu cha simu asingeijua, angeona bangili tu."

"Haiwezekani!" Wakili alipayuka. "Niliizima! Juzi niliizima, leo nimeizima, nimebonyeza mwenyewe!"

Wakili mwenyewe alisikia alichosema, na Shangazi aliona, kwa ule mwanga wa kijani, midomo yake ikibaki wazi.

"Hayo ni maneno ya Nesi," alisema Shangazi. "Neno kwa neno. Na wewe wiki nzima umesimama mbele ya Tume ukiwaambia kwamba ikizimwa, imezimwa."

Aliwasha taa. Wakili alikuwa ameanza kujikusanya, kazi yake ni kujikusanya.

"Sikuiambia inirekodie. Niliikuta jioni."

"Naamini. Na jina lake ulilipata wapi?"

"Tume hutupa majina na namba za mashahidi. Ni haki yetu kisheria." Aliuvuta mkono wa suti kuifunika saa. "Hadithi ilikuwa ile ile, nikajua ndiye. Na lile la Mkurugenzi Tume hawakuwa nalo. Nilitaka abaki nyumbani tu. Sikumgusa mtu."

"Ulimgusa jikoni kwake," alisema Shangazi, na safari hii hasira ilimtoka waziwazi. "Mtu mzima amelala na sufuria imewekewa jiwe! Ungemwachia basi hata sauti yake!"

Koplo aliingia, pingu tayari, uso umejaa furaha isiyofaa. Alizifunga, kisha akainama kuivua ile saa.

"Niizime, Shangazi?"

"Iache hivyo hivyo. Yote haya imeshanasa, na hata ukiizima haizimiki."

Meneja alikuwa amejishika kichwa. Alimuuliza Shangazi, taratibu, kama akiulizwa na Tume atalazimika kusema aliyoyaona. Shangazi akamwambia ndiyo, na amsalimie mkewe.

*

Saa saba na robo Shangazi alikuwa amekaa tena kwenye kile kigoda, mbele ya mlango, sufuria ameirudisha jikoni.

"Ni mtu mmoja, mwanangu. Wakili wao. Ana uso, ana suti, yuko mahabusu." Alimweleza yote, pamoja na neno lile la gizani.

Nyuma ya mlango sauti ikauliza: "Alisema 'niliizima'?"

"Alisema 'nimebonyeza mwenyewe'."

Kitu kilichofanana na kicheko kilisikika, kikafa.

"Na ile sauti yangu bado wanayo?"

Dada mtu alimtazama Shangazi, anamwomba kwa macho adanganye. Shangazi alikuwa na shangazi zake waliomlea, na alijua ladha ya uongo wa kubembelezwa.

"Wanayo. Tumeichukua saa, lakini sijui imeshafika wapi. Ukienda au usipoenda, Mkurugenzi anaweza kuisikia. Hapo sina la kukuahidi."

Ufunguo ulizunguka. Nesi alitoka amevaa sare yake ya kazi, nyeupe, imenyooshwa. Kumbe muda wote ule alikuwa amevaa. Macho yamevimba, lakini alipita moja kwa moja mpaka jikoni.

"Nipe sufuria yangu," alisema.

Ukumbi wa Tume ulikuwa umejaa. Kwenye meza ya Kampuni alikuwepo Meneja peke yake, kwenye kiti cha Wakili hakuna mtu. Mstari wa nyuma, kati ya vijana wa kampeni ya Meya, alikaa Mkurugenzi wa hospitali, miguu ameikunja, ametulia. Nesi alimwona alipoingia. Shangazi alimwona akimwona, na kwa muda alidhani atageuka.

Nesi aliiweka sufuria juu ya meza ya mashahidi. Mwenyekiti wa Tume alivua miwani.

"Hicho ni nini, mama?"

"Ni sauti yangu, mheshimiwa. Kuna watu walitaka kuipeleka mahali bila mimi. Mtaisikiliza, lakini kwanza naomba nisikilizwe mwenyewe."

"Endelea."

Hakumtazama Mwenyekiti. Aliugeukia mstari wa nyuma.

"Dawa za wodi ya watoto," alisema, "anazihamisha Mkurugenzi wetu, yule aliyekaa pale. Nimeziona kwa macho yangu. Na Somo ilinisikia nikimwambia dada yangu uchungu wangu juu ya wodi hiyo, nikiwa nimeizima."

Ukumbi uligeuka mzima. Mkurugenzi aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akaelekea mlangoni kwa haraka ya mtu aliyekumbuka kikao kingine. Koplo alikuwa amesimama mlangoni, na hakumpisha.